Mjukuu wangu ana mkono uliojikunja kwa moto: nimpeleke kwenye kambi ya upasuaji wa bure?

"Daktari, mimi ni bibi, naishi kijijini mkoa wa Singida. Nalea mjukuu wangu wa kike wa miaka 7, yuko darasa la kwanza. Akiwa na miaka 3 alishikwa na degedege akaangukia kwenye mafiga. Tulimtibu zahanati, baadaye nyumbani, na kidonda kilipona baada ya miezi mingi. Lakini mkono wa kulia umejikunja kwenye kiwiko, na vidole vitatu vimelalia kiganjani, havifunguki. Redioni wametangaza kwamba madaktari kutoka Ulaya watakuja hospitali ya misheni kuwapasua bure watu walioungua. Majirani wananitisha. Wanasema ngozi wanayobandika ni ya maiti au ya nguruwe, kwamba wanajifunzia kwa watoto wetu, na kwamba mkono hujikunja tena. Mama yake yuko Dar, anasema tusubiri mpaka avunje ungo, mwili uwe umemaliza kukua. Mwaka jana alianguka tena mara mbili lakini hakuungua. Nifanye nini? Na je, ataweza kushika kalamu?"

Shikamoo bibi. Pole kwa miaka minne ya kuutazama mkono huo, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujatia dole gumba kwenye karatasi ya mtu.

Nikiyakusanya maneno yako naona hofu moja kubwa: umchukue mtoto aliyekwisha kuuzoea mkono wake, umtie kwenye maumivu mapya, kisha urudi naye nyumbani mkono ukiwa vilevile. Hofu hiyo ina msingi. Nimewahi kuwapokea watoto waliopasuliwa vizuri kabisa, nao baada ya mwaka wamerudi mkono umekunjika karibu kama mwanzo. Ila sababu haikuwa ile wanayoisema majirani zako, na nitakueleza ilikuwa nini.

Kabla ya mkono, kuna jambo umelipitia haraka mwishoni: mwaka jana alianguka mara mbili. Hilo limenishtua kuliko mkono wenyewe. Degedege la homa huwapata watoto kuanzia kama miezi 6 hadi miaka 5. Mtoto aliyevuka umri huo na bado anaanguka, hasa bila homa, huenda ana kifafa. Na kifafa ni miongoni mwa mambo yanayowaunguza watu vibaya sana vijijini kwetu, kwa kuwa moto wetu uko chini, katikati ya mafiga, na aliyepoteza fahamu hajitoi. Kwa hili usingoje kambi. Wiki hii mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uwaeleze alivyoanguka: alikakamaa, alitikisika, alijikojolea, ilichukua muda gani, mwili ulikuwa wa moto au la. Ikithibitika ni kifafa, zipo dawa za siku nyingi na za bei ndogo, fenobabito mojawapo, na watoto wengi wanaozimeza kila siku bila kuruka hukaa bila kuanguka. Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa mate. Akianguka motoni, anayekuwa karibu amvute palepale. Nalisema wazi kwa sababu nimeyaona makovu ya watu walioachwa wakiungua huku ndugu wamesimama pembeni wakiliogopa povu.

Mafiga nayo yainuliwe, au jikoni pawekwe kizuizi. Kumnyoosha mkono mtoto ambaye mwezi ujao ataangukia moto tena ni kushona nguo iliyonasa bado kwenye miiba.

Sasa tuje kwenye mkono.

Ngozi iliyoungua juujuu hujiotesha upya yenyewe, kwa sababu chini kabisa, penye mizizi ya vinyweleo na vifuko vya jasho, kumebaki uhai. Moto ukizama mpaka ukaiua mizizi hiyo, mwili hauna tena mbegu ya kuotesha ngozi pale katikati. Hubaki na njia moja: kuzivuta kingo za kidonda zikaribiane. Ndani ya kidonda hutokea chembe zenye nguvu ya kuvuta mithili ya misuli, nazo huvuta usiku na mchana, kwa miezi, hata baada ya kidonda kufunga. Tumboni au mgongoni uvutaji huo hauna madhara makubwa. Mbele ya kiwiko, kiganjani, kwapani au shingoni, kinachovutwa ni kiungo chenyewe. Watu wengi hudhani kidonda kilipona vizuri, kisha baadaye mkono ukapata ugonjwa mwingine wa kujikunja. Hapana. Kupona kule na kujikunja huku ni kazi moja. Kidonda cha moto kikipita wiki tatu bila kufunga, tayari tunajua kovu lake litasumbua, na chake kilichukua miezi.

Ongeza hapo kwamba mtoto anayeumia hukunja mkono kwa sababu akiukunja hupata nafuu, nasi kwa huruma tunamfunga kitambaa kwenye ngumi, vidole vyote pamoja. Bibi, usijilaumu. Mtoto huyu alihitaji kuhamishiwa ngozi katika wiki za mwanzo, kufungwa banzi la kuunyoosha mkono, na mtu wa kumwelekeza mlezi wake. Vitatu hivyo havipatikani katika zahanati.

Mama yake ana hoja, ingawa ni nusu. Ni kweli kovu bichi halikimbiliwi na kisu. Likiwa bado limevimba, gumu, linawasha, tunalingoja likomae, jambo ambalo huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. La mjukuu wako lina miaka minne, limekomaa zamani. Kinachobaki kukua sasa ni mifupa, na kovu halikui pamoja nayo. Kila inchi anayorefuka, ngozi ile inakuwa fupi zaidi kwake. Vidole vikikaa vimekunjwa miaka, hata vilivyo chini ya ngozi hufupika: mishipa ya damu, kano, na mfuko unaoshika kiungo. Ukimngoja avunje ungo, daktari atalikata kovu likafunguka, halafu akute kiungo chenyewe kimegoma. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba asingoje. Lakini mwambie mama yake ukweli mwingine pia: kwa kuwa atakuwa bado anakua, huenda akahitaji kupasuliwa mara ya pili miaka ya mbele. Hiyo haina maana kwamba ya kwanza ilishindikana.

(Wengine wanaosoma hapa: kama kovu limevuta kope hata jicho halifumbi, au kidevu kimeshikana na kifua, msihesabu miezi ya kukomaa. Jicho lisilofumba hupofuka. Na shingo iliyoshikana huwa hatari hata kwa kupewa nusu kaputi, kwani mtaalamu wa usingizi hushindwa kuifikia njia ya hewa. Wagonjwa wa namna hiyo wapelekwe hospitali kubwa.)

Umewahi kumwona fundi wa kanzu akitia kikwapa? Ile pembe ndogo ya kitambaa anayoishonea chini ya mkono ndiyo inayomwezesha mvaaji kuinua mkono bila nguo kumbana. Kazi yetu inafanana na hiyo. Kovu likiwa kama kamba nyembamba, na ngozi ya pembeni ni nzuri, tunachora pembe tatu mbili zenye umbo la herufi Z, tunazibadilisha nafasi, na ile kamba inarefuka bila kuleta ngozi kutoka mahali pengine. Pembe hizo zikichorwa kwa nyuzi 60, kwa hesabu za vitabuni urefu huongezeka kwa asilimia 75. Kovu likiwa pana kama la mjukuu wako, tunalikata kwa upana, mkono unafunguka, na hapo ndipo ndugu wakiona hushtuka, kwa sababu shimo linalobaki ni kubwa kuliko kovu lilivyoonekana. Shimo hilo ndilo la kujazwa ngozi.

Ngozi ya nani? Ya kwake mwenyewe. Majirani hawajaitunga habari yao yote. Zipo nchi ambako ngozi ya nguruwe au ya marehemu hutumika kufunika kidonda kibichi kwa muda, kama bandeji. Lakini haikai. Mwili huitambua kuwa ni ya mgeni na kuitupa. Ya kudumu hutoka mwilini mwa mgonjwa. Kwa eneo kubwa tunaparua tabaka jembamba la paja, na pale paja linapoparuliwa hupona kwa wiki mbili hivi. Nakuonya mapema kwamba mtoto hulalamikia paja kuliko mkono. Kwa kiganja na vidole ni bora ngozi nene, mara nyingi ya kinenani, halafu kinena kinashonwa kikafunga. Ngozi nyembamba hushika kwa urahisi ila hujikunja sana baadaye. Nene ni dhaifu siku za mwanzo lakini hujikunja kidogo. Ikitoka kinenani, mwombe daktari aichukue pembeni, mbali na panapoota nywele, ili binti akibalehe asije akaota nywele kiganjani. Ni jambo dogo, lakini nimeona wasichana wakificha mkono kwa ajili yake.

Ngozi iliyohamishwa haina damu yake. Siku mbili za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda, halafu mishipa midogo huanza kuungana nayo. Ikisogea, au damu ikijikusanya chini yake, au vijidudu vikaingia, hufa. Ndiyo maana mkono utafungwa imara na hautafunguliwa kwa siku kama tano. Ukisikia hamu ya kuchungulia, jizuie.

Kuhusu vidole nisikudanganye. Huenda vikahitaji kushikiliwa na vijiti vyembamba vya chuma kwa wiki mbili au tatu. Na kuna wakati daktari anakinyoosha kidole, kinakuwa cheupe kwa sababu mshipa wa damu ni mfupi, naye analazimika kukirudisha kidogo. Kidole hai kilichopinda kidogo ni bora kuliko kidole kilichonyooka kikafa. Makovu nayo hayataisha. Ngozi mpya mara nyingi huwa na rangi tofauti, nyeusi zaidi, na mshono utaonekana. Anayekuahidi mkono "kama haujaungua", iwe ni daktari au muuza krimu wa mnadani, mkimbie. Zile krimu za kufuta makovu hazinyooshi kiungo, na baadhi zina dawa kali zinazoidhoofisha ngozi.

Sasa lile la kujikunja tena. Chembe zile zinazovuta haziondoki kwa sababu umepasuliwa. Umefungua kidonda kipya, nazo zinaanza kuvuta upya. Kwa hiyo baada ya ngozi kushika, mkono lazima ushindane nazo: banzi la kuunyoosha usiku na mchana kwa majuma kadhaa, kisha usiku tu, na mazoezi na kukanda kwa mafuta ya kawaida mara kadhaa kwa siku, kwa miezi sita au zaidi. Wale watoto niliokutajia waliorudi na mkono uliojikunja, mmoja wao banzi lake lilikuwa juu ya kabati tangu wiki ya tatu. Lilikuwa linamchubua. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka, na hospitali aliyopasuliwa haikuwa na mtu wa kulikata upande na kulirekebisha. Kisu kilifanya kazi ya saa mbili, vizuri, na miezi sita iliyobaki haikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo, bibi, swali la kuwauliza si kama wanatoka Ulaya au Muhimbili. Uliza: ninyi mkiondoka, nani anabaki na mtoto wangu? Akutajie mtu na chumba, fundi wa banzi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na siku za kurudi. Wakikuambia "mtarudi wiki ijayo kutolewa nyuzi, basi," mimi nisingempeleka wa kwangu.

Kambi za namna hii zina historia ndefu kwetu. Shirika la Amref lilianza mwaka 1957 kama madaktari wanaoruka kwa ndege, na waanzilishi wake, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe alikuwa amejijengea jina Uingereza kwa kuwatengeneza upya marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Marekani nako, mwaka 1969, Donald Laub wa Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha Interplast, ambayo ilipeleka vikundi vya madaktari nchi maskini kwa wiki chache chache. Leo inaitwa ReSurge, na kazi yake kubwa imekuwa kuwafundisha na kuwawezesha madaktari wa nchi husika, kwa sababu mgeni wa wiki mbili hawezi kuwa na jibu miezi mitano baada ya upasuaji. Jirani yenu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom huko Mbulu, madaktari wa Kitanzania na wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa wao kwa mwaka mzima baada ya kuwanyoosha viungo, wakaona wengi wanavitumia vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo kazi hii inawezekana hukuhuku, mradi kuna anayefuatilia.

Kwamba wanajifunzia kwa watoto wetu: katika kambi nzuri utakuta kijana wa Kitanzania kando ya bingwa, naye anajifunza. Hilo nalifurahia, maana huyo ndiye atakayebaki. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda yetu, COSECSA, chenye makao Arusha, kimekuwapo tangu 1999, lakini mabingwa wa fani hii bado ni wachache mno. Isiyofaa ni mwanafunzi kushika kisu peke yake bila msimamizi, au mgeni kufanya asichoruhusiwa kwao. Una haki ya kuuliza nani atampasua na nani amesimama naye. Daktari mwenye heshima hakasiriki.

Sikiliza tangazo vizuri pia. Baadhi ya mashirika yanayosifika kwa upasuaji wa bure hushughulikia midomo sungura tu. Piga simu hospitalini uulize kama wanapokea makovu ya moto ya mkono kabla hujauza mbuzi wa nauli. Na neno "bure" lichunguze: ni kisu tu, au na kitanda, dawa, vifaa vya kidonda, chakula cha anayemwuguza, na nauli za kurudi kliniki? Kama hapo hapatoshi, omba rufaa kwenda KCMC, Muhimbili, Bugando au CCBRT, na ukifika umwone afisa ustawi wa jamii mapema, kabla bili haijaanza kupanda. Yeye ndiye anayeshughulikia msamaha wa wasio na uwezo.

Watataka kumpiga picha. Picha za kumbukumbu ya matibabu zinatusaidia. Za kuchangishia fedha ni jambo jingine, na ukikataa hizo asinyimwe upasuaji. Karatasi ya ridhaa isomwe kwa sauti kwa Kiswahili, na mama yake asikilize kwenye simu.

Wakati huu wa kungoja, mpe vyakula vya kujenga mwili: dagaa, maharage, mayai, maziwa, na mboga za majani kwa ajili ya damu. Mtoto mwenye damu pungufu ataahirishwa. Akiwa na mafua, kikohozi au malaria siku ile, waambie, usifiche kwa kuogopa kupoteza nafasi. Na kama unaweza kuchagua, chagua baada ya mavuno. Barabara zinapitika, jasho si jingi chini ya bandeji, na wewe hutakuwa unagawanyika kati ya shamba na banzi.

Akishapasuliwa, mrudishe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona ncha za vidole zimekuwa baridi au zimebadilika rangi, bandeji inalowa damu au inanuka, au amepanda homa. Na miaka yote ijayo, kidonda kikitokea juu ya kovu la zamani kisifunge kwa zaidi ya miezi mitatu, kikanuka au kikaota nyama, asikifunge majani. Akatwe kinyama kipelekwe maabara. Makovu ya moto ya siku nyingi huweza kugeuka saratani. Ni nadra, na kwa kawaida hutokea baada ya miongo, lakini wanaokufa kwayo ni wale waliochelewa.

Ulimalizia na kalamu. Kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyoishika, kingine huegemea tu. Hukuniambia ni vidole vipi vitatu. Kama gumba na shahada viko huru, anaweza kuanza kuandika na mkono huo kiwiko kikinyooka. Kama ni miongoni mwa vilivyofungwa, natarajia ashike kalamu baada ya miezi kadhaa ya mazoezi, kwa namna yake, pengine si kama wenzake. Kwa sasa nenda shuleni ukaongee na mwalimu wake wa darasa. Aandike kwa mkono wa kushoto, bila kukemewa, na baada ya upasuaji apewe ruhusa ya kukaa darasani na banzi lake. Na mwalimu aelezwe kuhusu kuanguka.